Ng'ombe Waliokuwa Moto wa Mama

Gesi yetu haikuzimika siku moja. Ilipungua polepole, na labda ndiyo sababu naona ugumu kusema ilikufa lini. Nitaeleza ninavyokumbuka, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Sisi tuko Moding, mbele kidogo ya Malaba. Mume wangu alikuwa anapakua mizigo kwenye maroli pale mpakani. Mama yake, ambaye mimi pia namwita Mama, alikuwa na kifua kibaya. Muuguzi wa zahanati alimwambia wazi kwamba ni moshi wa kuni, miaka mingi ya moshi, na asipouacha dawa hazitafanya kazi. Mume wangu alikuwepo, akasikia. Baadaye akamleta fundi, wakachimba shimo nyuma ya zizi, wakajenga tangi chini ya ardhi, wakapitisha bomba hadi jikoni.

Fundi alitufundisha: mavi ya ng'ombe ndoo moja, maji ndoo moja, unakoroga kwa mkono ukitoa majani, unamimina. Alisema ndani ya tangi kuna vijidudu vidogo visivyotaka hewa. Vinakula hayo mavi, na vikishiba vinatoa gesi.

Mama akasema, "Kwa hivyo nimeongezewa mifugo. Na hawa watachungwa na nani?"

"Na mke wangu hapa," mume wangu akasema, akanicheka. Ni kweli, nilivichunga mimi. Lakini nisimdhulumu, siku za Jumapili alikoroga yeye.

Majirani walitutania sana. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara alikuwa akipita anaita, "Chai ya mavi imeiva?" Mama akamjibu, "Ingia unywe. Kwani hiyo sukuma wiki yako inaota kwa manukato?" Yule mama aliingia, akanywa, akaomba kikombe cha pili. Na Mama akaanza kulala bila kukohoa. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, kwa sababu chumba chake na chetu vimetengwa na ukuta mmoja tu.

Halafu mume wangu akaugua. Hakuugua siku nyingi, akafa.

Watu walipojaa nyumbani, wazee wa ukoo walikaa chini ya turubai kupanga mazishi. Ng'ombe wetu walikuwa wawili tu, wale wa zizini. Kwetu huku mwanamume mwenye boma akizikwa, ng'ombe wake analala chini kwa kisu, watu wanakula. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba mkwe, aliniita. Watu wengine wanasema wazee hawamuulizi mjane. Mimi niliulizwa.

"Mwanangu, wewe unaonaje?"

Nikasema, "Baba, hao ng'ombe ndio moto wa Mama. Tukiwachinja wote, atarudi kwa kuni."

Baba mdogo akasema kwa upole, "Hiyo ni kweli. Tunaweza kuchinja mmoja." Nadhani wangekubali. Sina hakika, lakini nadhani.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani, mlango wazi. Akasema kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, "Chinjeni wote. Wajomba zake wanakuja, wakwe zake wanakuja. Mtoto wangu hatazikwa kwa maharagwe."

Baba mdogo akawaita vijana waje na kamba.

Basi wakachinjwa. Mmoja alikuwa wa watu waliokuja, mwingine wa wajomba na wakwe. Hao wakwe ni watu wa kwetu, ndugu zangu wa kuzaliwa, na walikula. Mimi pia nilikula. Naandika hivyo ili mtu asifikiri nalaumu upande wowote.

Vijana walipopasua matumbo ya wale ng'ombe na kumwaga yaliyokuwa ndani, mimi nilichukua karai, nikayazoa yote, nikayapeleka kwa tangi. Nilikuwa na kitambaa cha msiba kiunoni. Kijana mmoja akasema, "Huyu shemeji amechanganyikiwa." Mwingine akamwambia nyamaza. Nilichanganya na maji, nikakoroga, nikamimina. Sijui kama nilikuwa nimechanganyikiwa. Niliwaza tu kwamba vile vijidudu havijaambiwa kuna msiba.

Baada ya watu kutawanyika gesi iliwaka vizuri, hata nikajidanganya. Kisha maharagwe yakawa hayaivi. Kisha ikawa inatosha uji tu. Moto uliokuwa wa buluu ukawa unarukaruka kama mtu mwenye kwikwi, na asubuhi moja nikawasha kiberiti nikasikia pu, basi.

Mama akaangalia. "Imechoka," akasema. Akatoka, akapanga mafiga katika jiko la zamani ambalo tulikuwa tumeliachia kuku. Kikohozi kilirudi kabla ya mahindi kukomaa.

Niliomba mavi kwa majirani. Walinipa, lakini kidogo, na siwalaumu, kwa sababu kila mtu hapa anayataka kwa shamba lake. Nikaanza kusukuma wilbaro hadi kichinjioni Malaba kuzoa mavi ya matumboni. Ukipita kando ya foleni ya maroli na mzigo wa namna hiyo, madereva wanafunga madirisha. Mmoja alinipigia kelele, "Mama, hiyo inavuka mpaka?" Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na nilijisikia vibaya njia nzima.

Nililisha lile tangi hadi mikono ikachubuka. Siku moja gesi ikarudi. Moto mdogo, lakini wa buluu. Nikachemsha chai, nikamwita Mama aone.

Alikuja akishika ukuta. Aliutazama ule moto muda mrefu, akanywa chai yote, akanishukuru. Halafu akainuka kurudi kwa mafiga yake.

"Mama, na kifua?"

"Nakijua kifua changu."

"Lakini moto uko hapa sasa. Nitaulisha. Sitachoka."

"Najua hutachoka." Akasimama mlangoni akipumua. "Huu moto wako unapika, mwanangu, lakini hauotwi. Na mimi nasikia baridi tangu tumzike."

Muuguzi alisema kweli, na Mama pia alisema kweli, na mimi sikusoma vya kutosha kujua mtu afanye nini hapo.

Nikafunga bomba. Nikachukua panga, nikaenda kumkatia kuni nyembamba, zilizokauka kabisa, zile zisizotoa moshi mwingi.