Sahani Yenye Pengo ya Mama Sidonie

Umegeuza macho. Nimekuona.

Leo asubuhi umepita kando ya mutoto wa jirani yako. Diploma yake iko ndani ya sanduku, na yeye iko anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, imejaa makaa. Ukasema moyoni: si wangu. Ukarudi kwenye simu yako.

Basi kaa hapo hapo kwenye simu. Nikueleze siku sahani moja ya kuvunjika ilitembea vilima vyetu ikaamua nani atakuwa muganga, na nani atazeeka na chaki mukononi.

Mwaka ni 1953, wakati wa Wabeljiji. Mahali ni Burungu, huku kwetu Masisi, Kongo. Na mutu mubaya wa habari hii ni mimi, Barthélemy. Sitamusingizia mwingine.

Védaste na mimi tulimaliza shule ya walimu pamoja. Dawati moja, chupa moja ya wino. Yeye wa kwanza, mimi wa pili. Mwaka wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Wa mwisho pia.

Unajua kuwa wa pili miaka mitatu? Unaanza kumuchukia mutu hata akikohoa.

Tukarudi Burungu kufundisha. Nyumba zetu zilikuwa juu ya vilima viwili vinavyotazamana, bonde katikati. Kila asubuhi nikifungua mulango, kitu cha kwanza kuona ni moshi wa jiko la Védaste.

Hata moshi ulinikasirisha. Niliona unapanda wima kuliko wetu.

Kisha habari ikafika. Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuna shule ya kufundisha wasaidizi wa madaktari. Teritwari yetu yote imepewa nafasi moja.

Moja. Lishike hilo neno, nitalirudilia.

Mwenye kuipata angevaa blouse nyeupe, lile koti la muganga, atibu watu. Mwenye kuikosa, chaki mpaka meno yaanguke.

Tulibaki watatu: mimi, Védaste, na Kanyamibwa, mwalimu wa kilima cha tatu. Mitihani tulipita wote. Lakini wazungu hawakutosheka. Wakatuma komisio, kikundi cha wakaguzi, ije kuangalia kama nyumbani tunaishi kizungu.

Ndiyo, nyumba! Unalala juu ya shuka? Choo iko na mufuniko? Bibi yako anakula mezani pamoja na weye, kwa forsheti, ule uma wa wazungu, ao kwa vidole? Mutu amekariri mito yote ya Ubeljiji, mito asiyoiona hata siku moja, halafu wanakuja kumupima kwa forsheti.

Na sisi wenye akili tulifanya nini? Tulikimbia kutafuta forsheti.

Vyombo vya namna hiyo alikuwa navyo Mama Sidonie peke yake. Marehemu mume wake alikuwa mupishi wa muzungu wa plantasyo, mwenye mashamba makubwa, akamuachia sahani sita zenye mustari wa buluu, forsheti sita na kitambaa cheupe cha meza. Sahani moja ilikuwa na pengo kwenye ukingo, kama jino limeng'oka.

"Watoto yangu," akatuambia, "nyumba iko tatu, sahani iko hizi tu. Wazungu watazunguka na motokari, barabara ni ndefu. Nyinyi muzitie mu kitunga, mukipitishe mu bonde. Kwanza Kanyamibwa, kisha Barthélemy, kisha Védaste. Na mwenye kuvunja moja, nitamuvunja kichwa."

Tukacheka. Védaste akanipiga bega.

"Kaka, mimi njo wa mwisho. Usinisahau."

"Nitakusahau namna gani?" nikamujibu.

Siku ikafika. Saa nne kitunga kikaingia kwangu, sahani bado zinanuka nyama ya kwa Kanyamibwa. Agathe, bibi yangu, akaziosha, akapanga meza. Saa tano komisio ikaingia: administrateur, muzungu mukubwa wa teritwari, Padri, na karani Ndagijimana na buku lake.

Agathe akakaa mezani, mugongo wima kama mutu anayepigwa picha. Administrateur akachukua ile sahani yenye pengo. Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye pengo, polepole.

Akatabasamu.

Mimi nikavimba kichwa. Nikasema: ameipenda. Nimepita.

Wakatoka. Motokari ikaanza kuzunguka kilima. Agathe akajaza kitunga mbio mbio, akakiweka kichwani, akashika njia ya bonde.

Nikamufuata, nikamushika mukono.

"Tua."

"Nitue nini? Wanafika kwa Védaste sasa hivi!"

"Agathe, nimesema tua."

"Papa Généreuse," akaniita kwa jina la binti yetu, "mutu anatungoja kule. Tulimuahidi."

"Miaka tatu niko nyuma yake! Leo na yeye aonje."

Akatua kitunga. Akakitazama, hakunitazama mimi.

"Aya," akasema. "Leo umekuwa wa kwanza."

Nikajificha nyuma ya migomba. Ng'ambo nilimuona Emérita, bibi ya Védaste, amesimama mulangoni, mukono juu ya macho, anaangalia upande wetu. Akatoka mpaka njiani. Akarudi. Akatoka tena. Alikuwa anatafuta kitunga.

Motokari ikafika.

Nikaona Emérita anatandika mukeka inje. Wazungu wakakaa chini! Emérita akaleta bugali juu ya jani la mugomba. Védaste akanawa mikono mbele yao, akakata bugali kwa vidole, bibi yake kando.

Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu kwisha.

Jumapili ya pili, misa ilipoisha, Padri akasoma karatasi mbele ya watu wote. Jina lilikuwa moja.

Védaste.

Nikamufuata karani Ndagijimana nyuma ya kanisa.

"Alikula na vidole! Nilimuona na macho yangu!"

Karani akacheka mpaka akashika ukuta.

"Barthélemy, mulifikiri ule muzungu iko kipofu? Sahani yenye pengo aliikuta kwa Kanyamibwa saa tatu. Saa tano, hii hapa tena kwako! Mu motokari akatuambia: tuone kama imetutangulia kwa wa tatu. Ikakosekana. Akasema, huyu peke yake hakunidanganya."

Umesikia? Mimi njo nilimupa nafasi. Kwa mukono wangu, ule uliomushika Agathe.

Ingeishia hapo ningenyamaza. Lakini jioni ile Védaste akavuka bonde, amebeba mukungu wa ndizi. Akanikumbatia mbele ya bibi yangu.

"Kaka, karani ameniambia yote. Weye uliona muzungu ameijua sahani, njo maana ukaizuia isifike kwangu. Nilikukasirikia siku ile, unisamehe. Umeharibikiwa weye, umeniokoa mimi."

Agathe alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Akaniangalia, akangoja.

Nikasema: "Si kitu, kaka."

Kisu kikaendelea.

Emérita alipozaa, mutoto akaitwa Barthélemy. Mimi nikatumwa kufundisha Kashebere, upande wa Walikale, kando ya barabara ya wachuuzi. Mwaka 1959 Védaste akapita pale na blouse nyeupe, akachanja shule yangu yote. Akawaambia wanafunzi wangu: "Mwalimu wenu njo alinifanya muganga." Wakapiga makofi.

Nikamuonea wivu hata huo wema. Alikufa bila kujua. Agathe alikufa akijua.

Kashebere njo nilianza kujisomesha mwenyewe, kwa magazeti ambayo wachuuzi walifungia chumvi. Na swali ambalo hakuna mwalimu alinifundisha likanijia: kwa nini moja? Watu watatu walipita mitihani. Watoto walikuwa wanakufa na surua kila kilima. Nani alikata nafasi moja, kisha akapanda motokari kuja kutuangalia tukikimbizana na sahani? Nilimutazama Védaste miaka yote ile. Mwenye kukata sikumutazama hata siku moja.

Hivyo njo walitaka. Na leo bado wanakata hivyo hivyo: diploma mia, kiti kimoja cha kazi, na nyinyi munaulizana nani alipita kwa mulango gani.

Usiniandikie hapo chini "pole muzee". Simama. Nenda kwa yule wa chukudu, umuulize jina lake na alisoma nini. Andika. Nenda kwa wa pili, kwa wa tatu. Yule aliyekushinda umuchukue pia. Karatasi ikijaa, muipeleke pamoja kwa mwenye kugawa viti, mukae mulangoni pake mpaka ajibu: kwa nini moja?

Na kama kuna kitunga cha mwenzako umekizuia nyumbani kwako, kibebe sasa hivi.

Kimbia. Kuna mutu amesimama mulangoni, mukono juu ya macho.