Moshi Uliotumwa Msituni

Mwamvita Shomari, mzaliwa wa Kisarawe, amesoma vipimo vya upepo miaka kumi na saba katika kituo kidogo cha hali ya hewa Kibaha. Kazi isiyo na makuu: unatazama upepo unatoka wapi, unaandika daftarini, basi. Hakuwa mtu wa visasi mpaka alipomzika mama yake.

Mama huyo, Bi Mboni, aliishi Misugusugu, jirani na kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Alikohoa miaka miwili, masizi yakitua hadi kwenye ungo wa mchele. Mwamvita alipokwenda kulalamika, alioneshwa ramani ya kompyuta iliyochorwa na mtaalamu wa kiwanda, Ambokile. Eti moshi wote unakwenda msituni.

"Dada, wewe andika namba zako," Ambokile alimwambia huku akicheka. "Haya ya kompyuta utaumiza kichwa bure."

Kicheko kile kilimkaa rohoni. Baada ya matanga alinunua kompyuta iliyotumika pale Maili Moja, akajifunza programu ileile aliyoitumia Ambokile, Jumamosi baada ya Jumamosi, mwaka mzima. Ndipo akaliona kosa. Namba za upepo zilikuwa zake mwenyewe, zimetolewa kwenye daftari lake. Sasa, mpima upepo huandika upepo unakotoka. Ambokile, mtaalamu mzima, aliziingiza kama unakokwenda! Mwamvita alizigeuza, akabonyeza. Moshi ukaondoka msituni, ukatanda juu ya paa la mama yake. Alilia, kisha akacheka.

Mwingine angeandika barua siku ileile. Mwamvita hakutaka barua. Alitaka kumuona Ambokile akiaibika mbele za watu, tena aaibike kweli kweli. Akafunga mdomo miezi mitano, hadi kiwanda kilipoitisha mkutano wa wananchi kuhusu tanuru la pili.

Ambokile alipomaliza kueleza ramani yake, Mwamvita alinyoosha mkono.

"Bwana mtaalamu, kituoni tukiandika nyuzi tisini, upepo unatoka mashariki au unakwenda mashariki?"

"Unakwenda, dada. Hilo nalo la kuuliza?"

"Unatoka. Ninaziandika mimi."

Akabandika ramani yake juu ya ile ya Ambokile, akaonesha nyumba zinazofikiwa na moshi, moja baada ya nyingine. Ukumbi ulichafuka. Jasho lilimtiririka Ambokile shingoni. Mwamvita alimkazia macho bila haraka. Raha aliyoisikia hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

Firdausi, aliyekuwa jirani wa marehemu, akasimama na mwanawe mgongoni.

"Dada Mwamvita, haya umeyajua lini?"

"Tangu mwezi wa pili," alijibu, bado akitabasamu.

Firdausi alimshusha mtoto, akampakata. Kifua cha mtoto kilisikika kikikoroma hadi safu ya mbele.

"Huyu alianza kubanwa kifua mwezi wa nne," alisema.