Tuta Lililofagiliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya ufukweni hapa Mwanza, Msimamizi wa Bustani hakunipa jembe. Alinipeleka kitaluni, pale miche inapolelewa, nimwagilie na kutazama. Nilidhani ananidharau. Baadaye alinihamishia tuta la mbele na kunikabidhi mbegu za ua la manjano ambalo sikuwahi kuliona: petali zinaning'inia, kitovu kimechongoka mfano wa pia ya kuchezea watoto.

"Hili ni la kudumu," alisema. "Kiangazi litakauka ufikiri limekufa. Mizizi inalala tu. Usiling'oe."

Lilipochanua, nyuki walijaa, na Meneja akasema tuta la mbele litabaki langu mradi maua yapo. Sikuwahi kuwa na kitu cha kuita changu pale. Nililipenda tuta lile kuliko mshahara.

Kiangazi kilichofuata mama yangu alifariki, nikaenda Kisesa kuzika. Kwetu mfiwa hafanyi kazi, wenzake humfanyia. Basi wanawake wa usafi, wakiongozwa na Mama Ngolo, waliona haifai nirudi nikute makavu yale. Walikwatua tuta zima kwa jembe, wakafagia mpaka ardhi ikang'aa.

"Pole na msiba, Mama Kulwa," aliniambia. "Tumekusafishia."

Nilimshukuru. Moyoni niliwaka. Nikamwendea Msimamizi, machozi yananitoka, nikamwomba awaite.

"Niwaite niwaambie nini?" aliuliza. "Watu wamekupa pole kwa mikono yao. Wewe mwagilia tu."

Nikamwagilia udongo mtupu. Wageni walinishangaa, na Meneja akaanza kuzungumzia kupanda nyasi. Kukwatua huchuna juu tu, hilo nililijua, lakini kujua si kuamini. Kila asubuhi nilichuchumaa kutafuta kijani.

Mvua za vuli zilipoanza, vichipukizi vilitokeza tuta zima. Mama Ngolo alivitazama.

"Unaona?" alisema. "Mahali pakisafishwa, panastawi."

Nilicheka hadi nikalia, kilio cha mama ambacho sikuwa nimekimaliza. Akanishika mpaka nikatulia.

Sasa nimestaafu, naishi Buswelu. Vijana wa bustani wakiniuliza siri ya maua yale, nawatajia samadi iliyooza, maji ya kiasi na subira. Mama Ngolo hunitembelea Jumapili, na huwaeleza majirani kwamba bila yeye maua yale yasingeota. Wananigeukia mimi. Nami huwaambia ni kweli.