Mgonjwa wa Mke Wangu

Asubuhi ya mwisho tuliyoamka wote wawili, marehemu mke wangu alikuwa anamenya ndizi huku ananung'unika "aibu", kama kawaida yake. Kwake aibu haikuwa wizi wala ulevi. Aibu ilikuwa kuku kupita sebuleni mgeni anakula, au mimi kwenda mjini Omurushaka na kola iliyokunjamana. Alipolisema neno hilo alifuta mikono kwenye kanga, hata ikiwa mikavu.

Mara akamwona mchungaji wa kanisa letu anakuja, na kikapu cha kahawa ya kutafuna, ya kumkaribishia mgeni, hakina hata punje. Mgeni akae kwetu bila kahawa mkononi!

"Aibu, Baba Dastan! Lala, uumwe!"

Akanisukuma kitandani na viatu vyangu, akanifunika mablanketi mawili. Mlangoni akalia kwamba mume amezidiwa, hata kununua kahawa amesahau. Mchungaji akapiga magoti, akaniombea muda mrefu. Mimi natoka jasho, mke wangu ananifinya mguu nisicheke. Alipomaliza, mchungaji akamgeukia. "Na wewe, mama, nikuombee?"

"Mimi ni mzima kabisa, Mchungaji. Maombi yaliyobaki mpe huyu."