Meza ya Afrika Kando ya Bwawa

"Kaka," dada yangu aliniambia kwenye simu, "mkija Krismasi, tuletee Afrika."

Nilikuwa jikoni kwangu Erdington, mtaa wa Birmingham huko Uingereza, nikichagua maharagwe. Nilidhani mtandao unasumbua. "Nikuletee nini?"

"Afrika. Ngoma, vikapu, shuka la Kimaasai, unga wa ugali. Huku hakuna."

"Na Birmingham ipo?"

"Birmingham kuna kila kitu. Usinizungushe."

Naomba nieleze taratibu, kwa sababu asiyejua maisha ya huko anaweza kumcheka dada yangu kabla ya wakati wake wa kuchekwa. Yeye na mumewe waliishi katika nchi ya jangwani, ambako shemeji alikuwa mhandisi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Katika nchi ile mgeni haishi kwa sababu amependa kuishi. Anaishi kwa sababu ana mkataba wa kazi. Mkataba ndio unaoleta kibali, kibali ndicho kinacholeta nyumba, na shule ya mtoto inalipiwa na kampuni. Vyote vimeanikwa kwenye kamba moja kama nguo, na kamba ikikatika hupati nafasi ya kuchagua shati la kuokoa.

Mkataba wa shemeji ulikuwa unaisha katikati ya mwaka uliofuata. Binti yao, mtoto wao wa pekee, angekuwa bado na mwaka mzima wa kumaliza shule. Mkataba usipofanywa upya, angeng'olewa katikati ya masomo ya mtihani wake wa mwisho. Hilo ndilo lililomkosesha dada yangu usingizi, na mengine yote nitakayosimulia, pamoja na ngoma, yalitokana na hilo.

Waliishi kompaundi, yaani kijiji cha wageni kilichozungushiwa ukuta, chenye lango, walinzi na bwawa la kuogelea katikati. Humo kulikuwa na kamati ya sherehe, na mwenyekiti wake alikuwa Mwingereza, mke wa bosi wa shemeji. Mwaka huo alitangaza kwamba kila familia itaandaa meza kando ya bwawa kuonyesha Krismasi ya kwao. Wengine walilisikia kama tangazo la sherehe. Dada yangu alilisikia kama tangazo la usaili wa kazi.

"Mke wa bosi akiipenda meza yetu, bosi atatukumbuka," alinieleza.

"Kwani hawezi kumkumbuka mumeo kwa kazi yake?"

"Kaka, umekaa Uingereza mpaka umekuwa mshamba."

Basi mimi na mke wangu tukaanza kuitafuta Afrika katika jiji la Birmingham. Unga haukutusumbua. Kule Balsall Heath kuna duka la mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake bado kina samaki wa ziwani ndani yake. Ana unga, mihogo, majani ya chai na maneno mengi. Lakini nilipomuuliza ngoma, aliweka miwani yake juu ya kaunta.

"Ngoma? Miaka yote hii nauza unga, hakuna mtu ameniuliza ngoma. Kwenu mlikuwa nayo nyumbani?"

"Hapana."

"Hata sisi hapana. Tulikuwa na redio. Peleka redio."

Alisema kweli. Baba yetu alikuwa karani wa posta Nakuru. Krismasi yetu ilikuwa chapati, soda, ibada ndefu, na nguo mpya zilizonunuliwa kubwa ili tuzikulie. Ngoma tuliiona uwanjani siku za sikukuu za serikali, kwa mbali, juu ya mabega ya watu. Nikamkumbusha dada hayo kwa ujumbe wa simu. Akanijibu kwamba hakuna mtu atakayesimama mbele ya meza ya chapati tupu.

Shuka tuliuziwa na Mkongo mmoja aliyelisifu kwa Kifaransa. Ngoma tuliipata mwishoni katika duka la mapambo ya bustani, kati ya sanamu za vyura. Ilikuwa ngoma nzuri, imechorwa twiga. Chini yake palibandikwa karatasi isemayo kwamba imetengenezwa Indonesia.

"Usiibandue," mke wangu alisema. "Twiga wenyewe wanaonekana hawajui wako wapi. Angalau ngoma ijue."

Ndivyo Afrika ilivyosafiri kutoka Birmingham hadi jangwani, ikakaguliwa uwanja wa ndege kwa mbwa, ikapita.

Dada yangu alitupokea akiwa amevaa sweta. Nje jua lilikuwa likiwaka hata Desemba, lakini ndani kiyoyozi kilikuwa kimewashwa kwa nguvu, kwa sababu, alisema, bila baridi mtu hawezi kusikia Krismasi. Jioni ile walitupeleka kwenye jumba la maduka kutazama theluji ya povu ikimwagwa kutoka darini. Watu walioikimbia theluji kwao Ulaya, wakapata kazi mahali pasipo na theluji, walikuwa wamepanga foleni kuipiga picha. Mimi na mke wangu, tuliotoka kwenye baridi ya bure, tuliombwa tuchangamke. Tukachangamka.

Mazoezi yakaanza asubuhi iliyofuata sebuleni. Shemeji apige ngoma. Binti afunge leso, aimbe wimbo wa kanisani kwa Kiswahili, tena achezecheze kidogo. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, mpole, mrefu kuliko mama yake. Kiswahili alikielewa chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wa Birmingham.

"Mama, sijawahi kukaa Kenya hata mwezi mmoja," alisema.

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe hutakuwa unatazama, utakuwa unaimba. Mjomba, mwambie!"

Mimi kwa tabia ni mtu wa kueleza. Nikaanza kumweleza mpwa wangu historia ya leso, ilivyofika pwani na methali zake. Alinisikiliza kwa heshima yote, kisha akamuuliza baba yake kama ngoma ina kitufe cha kupunguza sauti.

Siku ya sherehe meza zilipangwa kulizunguka bwawa. Wafilipino walileta tambi ndefu za maisha marefu. Familia ya Ireland ilileta kondoo wa sufu aliyekuwa akianguka kila upepo ukivuma. Waingereza walileta vipai vya matunda makavu ambavyo kila mtu alivisifu na hakuna aliyechukua cha pili. Na sisi tulikuwa na shuka jekundu, vikapu, ngoma ya twiga, chapati, na ugali ambao dada yangu alikuwa ameukata vipande vidogo na kuuchomeka vijiti kama jibini.

"Wifi," mke wangu alimnong'oneza, "huu ugali umefanya kosa gani?"

"Huo ni wa kuonjwa, si wa kushiba. Wewe simama hapo, utabasamu."

Mke wa bosi alifika mezani kwetu mapema. Alikuwa mama mwenye uso mwema na kofia ya majani. Aligusa shuka, akasema linamkumbusha nyumbani kwa bibi yake Uskoti. Kisha aliposikia tunatoka Birmingham, alisahau shuka kabisa.

"Birmingham! Mnaishi sehemu gani?"

"Erdington."

"Kuna treni ya kwenda mjini?"

Nikamweleza treni. Alipoondoka, dada yangu alinifinya mkono kwa furaha. Haukupita muda, mama yule alirudi. Safari hii aliuliza kuhusu shule za sekondari, zipi zinajaa haraka, na kama mtoto anaweza kupokelewa katikati ya mwaka. Nikaeleza. Aliporudi tena alikuwa na kipande cha ugali kwenye kijiti, hajakionja, na aliuliza kuhusu nyumba za kupanga. Je, zina unyevu ukutani?

Unyevu ni somo ninalolijua. Nikamweleza unyevu unaopanda kutoka chini na unaoshuka kutoka paa, namna ya kufungua dirisha la bafu, na kwa nini kabati lisisukumwe hadi ukutani. Alisikiliza kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Watu wa meza za jirani walianza kututazama kwa wivu.

"Mara ya tatu!" dada yangu alininong'oneza. "Kwa Ireland hajaenda hata mara moja. Endelea, mweleze hata mabomba. Anatupenda!"

"Wifi," mke wangu aliuliza polepole, "mtu anayeishi jangwani anautakia nini unyevu?"

Dada hakumsikia, kwa sababu zamu yetu ya kutumbuiza ilikuwa imefika. Shemeji akakaa nyuma ya ngoma. Ni mhandisi hodari, lakini ngoma aliipiga kama mtu anayebisha hodi chooni, akingoja jibu kila baada ya pigo. Binti aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili ulimpotea, akaendelea kwa mguno tu, macho yakiwa kwenye maji ya bwawa. Makofi yalikuwa makubwa. Wageni hupenda sana kitu wasichoweza kukikosoa. Na bosi mwenyewe, mtu mzima aliyenyoa ndevu vizuri, alitoa kitambaa akajifuta machozi.

"Umeona?" dada yangu alinishika mkono mpaka ukaniuma. "Umeona? Mwanangu anamaliza shule yake hapahapa!"

Tulirudi nyumbani na vyombo. Dada alikuwa akiimba kwenye sinki ule ubeti wa pili ambao binti yake aliusahau. Mke wangu, ambaye hawezi kukaa na swali kama mimi nisivyoweza kukaa na jibu, akamgeukia shemeji.

"Shemeji, yule mama anahama, au mimi ni mchawi?"

Shemeji aliweka sinia mezani. Aliliweka taratibu sana.

"Wanaondoka," alisema. "Bosi ameambiwa wiki iliyopita. Idara yote inapewa kampuni nyingine, na kampuni hiyo inakuja na watu wake."

Dada yangu alifunga bomba. "Na mkataba wako?"

"Yeye ndiye angeutia sahihi. Sasa hakuna wa kuutia sahihi. Tukifika Juni tunafunga mizigo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, na ukapiga ngoma?"

"Ulikuwa umeshaniambia nipige."

Hapo ndipo nilipongoja dada yangu alipuke. Hakulipuka. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavuta sahani ya ugali wa vijiti uliobaki, akala kipande kimoja, kingine, na kingine, akivipanga vijiti kando kama mtu anayejenga boma.

"Nilidhani anakuja mezani kwa ajili yetu," alisema. "Kumbe anatafuta nyumba."

"Mama wa watu ana hofu yake kama wewe," nikasema. Ni kweli pia. Kofia ya majani haizuii kamba ya mkataba kukatika.

Kisha nikaanza kueleza. Mtihani wa shule ile, nilisema, ni uleule wa Uingereza, kwa hiyo masomo hayapotei. Na binti alizaliwa Birmingham, zamani zile shemeji alipokuwa na kazi mtaa wa Tyseley na kibali cha kudumu, ambacho kilikufa walipohama. Waliondoka naye akiwa mtoto wa kubebwa, lakini pasipoti yake ni ya Uingereza, kwa hiyo kisheria...

"Kaka," dada yangu alinikata, "leo usinieleze. Sisi itabidi turudi Nairobi tuanze upya. Niambie tu kama mtoto anaweza kukaa kwenu amalize."

Mke wangu alijibu kabla yangu. "Chumba kipo, wifi. Ukuta mmoja una unyevu, lakini mume wangu ataueleza mpaka ukauke."

Dada alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Shemeji alisimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani. Nadhani alikuwa amengoja juma zima aruhusiwe kusimama hivyo.

Tulipoinua macho, binti alikuwa mlangoni, leso bado kiunoni. Alikuwa amesikia.

"Hakuna aliyeniuliza mimi," alisema kwa Kiingereza.

Tukatazamana. Ilikuwa kweli. Tulimfunga leso, tukamfundisha wimbo, tukamtafutia mkataba, tukampa chumba, na katika yote hayo hakuna aliyemuuliza lolote.

"Haya," mama yake alisema, sauti ikiwa chini. "Keti. Tunakuuliza."

Hakuketi. Alinigeukia mimi, na akauliza kwa Kiswahili, polepole, kila neno likipimwa kabla ya kutoka:

"Mjomba, huko kwenu, mtu anaweza kwenda shule kwa miguu?"

Sikuelewa mara moja. Baba yake alielewa. Nje ya lango lao kulikuwa na barabara pana ya magari, na baada yake mchanga. Mtoto alikuwa akitoka ndani ya ukuta mmoja kwa basi hadi ndani ya ukuta mwingine, na jioni akirudishwa hivyohivyo.

"Anaweza," nikasema. "Atalowa, lakini anaweza."

"Peke yake?"

Nilitaka kumweleza habari za taa za barabarani na njia ya mkato ya bustanini. Mke wangu alinitazama, nikajizuia.

"Peke yake."

Alimtazama mama yake. Hakuomba wala hakubembeleza, alingoja tu. Dada yangu alikusanya vile vijiti vyote kwenye kiganja, akainuka, akavitupa kwenye pipa.

"Basi kesho tukatafute viatu," alisema. "Vyako vyote ni ndara."