Breki ya Mkono ya Jipu la Mama Odeta

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na laiti ningeweza ningeisahau. Ilikuwa hapa hapa Gisenyi, saa tatu asubuhi. Nilisimama mlangoni mwa garaji nikilitazama jipu la zamani likiingia barabarani na kupotea. Giaboksi yake niliifunga mimi mwenyewe. Na nilijua jambo ambalo mama aliyekuwa kwenye usukani hakulijua.

Umeniambia unataka kutoa giaboksi ya jipu lako la kale na kuweka nyingine ya gia tano. Sawa, gari ni lako na mikono ni yako. Lakini weka hiyo simu chini kwanza, nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Wazazi wangu walikuwa wamerudi kutoka Tanzania, na garaji nzima ilinicheka kwa Kiswahili changu cha tafadhali na samahani. Mwalimu wangu wa ufundi aliitwa Mzee Gaspari. Mteja wetu, Mama Odeta, alikuwa akiuza maziwa, na jipu lile alilirithi kwa baba yake. Gia ya tatu ilikuwa ikiruka yenyewe na vipuri vyake havikupatikana tena. Mzee akavuka mpaka hadi Goma, akarudi na giaboksi nzima ya gia tano, ila ya gari la aina nyingine.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Tulichonga bamba la chuma la kuiunganisha na injini, tukafupisha propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu magurudumuni, tukachomelea vishikio vipya kwenye chasi. Tulipokaribia kumaliza, Mzee akaitwa Goma tena, dada yake alikuwa mgonjwa. Akaniambia, "Mingine utamaliza. Lakini voiture, gari ya watu, isitoke mupaka nirudi."

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye jipu lile breki ya mkono haikuwa magurudumuni. Ilikuwa nyuma ya giaboksi, ngoma moja ndogo inayoibana propela. Ukitoa giaboksi ya zamani, umetoa na breki. Na ile mpya ilitoka kwenye gari ambalo breki yake ya mkono iko magurudumuni, kwa hiyo nyuma yake hapakuwa na ngoma wala mahali pa kuifunga. Mzee alikuwa na mpango wake wa kuitengeneza akirudi. Mimi nikabaki na fimbo ya ile breki inaning'inia chini ya gari, inagonga gonga kila nikilitia moto. Nikaifunga kwa waya kwenye chasi ili inyamaze. Nilipokaa kwenye kiti nikavuta mkono wa breki, nikausikia umekaza vizuri kabisa. Nilicheka peke yangu. Mpaka leo naona haya kukuambia kwamba nilicheka.

Nililiendesha kwenye barabara tambarare ya kando ya ziwa, nikaingiza gia ya tano, nikarudi nimevimba kichwa. Jioni ile ile nikampigia Mama Odeta simu kumwambia jinsi gari lake linavyokimbia. Nani alinituma? Hakuna. Asubuhi akaja amevaa mushanana, vazi letu la sherehe, amempakia mama yake mzazi mbele na wanawake watatu nyuma na mitungi ya maziwa. Walikuwa wanakwenda Mudende kumhemba binti wa ndugu yao, yaani kumpelekea aliyejifungua chakula na zawadi kama desturi yetu ilivyo. Walikuja kwa gari la kukodi, wakahamia kwenye jipu pale pale.

"Bon, fundi," alisema. "Iko tayari?"

Mafundi wenzangu walikuwa wananitazama, wale wale niliowatambia jana. Ningeweza kusema bado. Ni neno moja tu. Nikasema, "Iko tayari, Mama."

Nilishika spana tena. Nikajiambia breki ya mguu ni nzima, atapanda salama na atashuka salama. Kisha nikakumbuka milima ya Mudende, na kwamba huko hakuna mtu anayeegesha gari mahali pa tambarare. Nikampigia simu. Haipatikani. Nikapiga mara ya pili, ya tatu, haipatikani.

Mzee Gaspari alirudi saa nne. Alitazama mahali jipu lilipokuwa, akatazama ile giaboksi ya zamani iliyolala sakafuni na ngoma yake.

"Frein ya mukono umefunga wapi?"

Nikamwambia yote, hata waya. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa juu ya tairi akafuta uso kwa kiganja.

"Kama ungeiacha inaning'inia, angevuta, angesikia hakuna kitu, angeweka jiwe," alisema. "Sasa we umemupa kitu ya kuamini. Panda moto uende. Na utamwambia na kinywa yako."

Nikapanda pikipiki ya kukodi, na sijawahi kuona njia ndefu kama ile. Tulipita Rugerero, tukaanza kupanda, na mimi kila kona nilichungulia mtaroni. Nilipoona watu wamekusanyika kando ya barabara moyo ulinipasuka, kumbe wananunua viazi. Nilimsihi dereva wa pikipiki aongeze mwendo, halafu nikamsihi apunguze, kwa sababu niliogopa kufika. Nilimwomba Mungu niliyekuwa nimemsahau tangu Pasaka.

Tukalikuta. Lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, pua inatazama chini, na chini kulikuwa na ua wenye mabenchi, wanawake wameketi na mzazi ameshika mtoto. Ndani ya gari alibaki bibi peke yake, mama yake Mama Odeta, magoti yalikuwa yanamsumbua na walikuwa wamrudie wamteremshe. Hakusubiri. Mlango wa upande wake ulikuwa umebanwa na uzio wa miti, kwa hiyo alikuwa anajivuta kuelekea kwenye mlango wa dereva. Alishika mti wa gia ili ajiinue. Nilijua hapo hapo kwamba gia hiyo ndiyo kitu pekee kinacholizuia gari.

Nilikimbia. Gia ikachomoka, na jipu likaanza kusogea, polepole, bila sauti. Mawe ya Mudende huyatafuti, yako kila mahali. Nilibeba moja kwa mikono miwili nikalisukuma chini ya gurudumu la mbele, gari likapanda kidogo juu yake, likasita, likatulia. Nikaongeza la pili upande wa pili. Kisha nikakaa chini kwenye vumbi.

Wanawake walikuja mbio. Walimteremsha bibi, naye akanishika kichwa akinibariki kwa Kinyarwanda. "Imana ishimwe," walisema, Mungu asifiwe, ndiye amekuleta. Wakaniingiza uani, wakanipa kiti kizuri, wakanijazia kikombe cha maziwa. Mwanangu, hapo ndipo nilipoogopa kuliko njiani. Hakuna aliyejua. Ningekunywa, ningeshukuru, ningesema nilipita tu.

Nilisimama na kikombe mkononi nikamwambia Mama Odeta mbele yao wote. Hakuna breki. Nilijua. Nilifunga waya.

Aligeuka akalitazama jipu. "Mukono nilivuta," alisema. "Nikasikia iko nguvu. Vitesi, ile gia, niliacha ndani sababu baba yangu alinizoesha hivyo, tu. Lakini mama yangu nilimwacha juu ya ule mukono."

Akakichukua kile kikombe kutoka mkononi mwangu, taratibu, akakiweka juu ya kigoda, akaenda kukaa karibu na mama yake. Wewe ni wa hapa, unajua kwetu maziwa ni urafiki, na maana ya mtu kuyachukua tena mkononi mwako. Wanawake walitazama chini, na mimi nikatoka nje nikakaa karibu na jipu mpaka Mzee alipokuja na vifaa.

Alinisamehe baadaye, kwa maneno. Lakini kwa miaka yote aliyoleta gari garaji, kabla hajachukua ufunguo alimwuliza Mzee, mimi nikiwa nimesimama pale pale: "Nani amefunga?"

Basi, mwanangu, weka giaboksi yako ya gia tano. Lakini kitu ambacho hakifanyi kazi kwenye gari, king'oe, mkono wa mtu ukikitafuta usikikute. Usikifanye kionekane kizima. Ukiulizwa kama kazi imekwisha na haijaisha, sema bado, hata kama mji mzima unakutazama, hata kama jana ulijisifu. Na ukishakosa, usingoje kugundulika. Nenda mwenyewe, useme, hata wakati wanakushukuru.

Mungu akupe macho ya kuona ulichokisahau, akupe na miguu ya kuwahi. Wote watakaopanda gari uliloligusa wafike kwao, wateremke, wasijue kamwe kwamba kulikuwa na la kuogopa.