Ngoma ya Darasa la Nne

Amefariki yule mzee wa Kurui, jirani yangu wa zamani. Habari nimezipata hapa Sofu, dukani, kutoka kwa muuzaji aliyekuwa akinipimia sukari, naye alizitoa huku anacheka: "Si yule aliyemtangaza binti yake msikitini?" Wateja wengine wakacheka pia, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa mambo yale yalipotokea. Nilichukua sukari yangu nikaondoka, nikiona aibu njia nzima, maana kicheko hicho nakijua kilikoanzia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mke wa mzee huyo alikuwa ameshafariki, akabaki na binti mmoja tu, na binti huyo akamaliza darasa la nne, akapata nafasi ya kuendelea na la tano katika shule ya bweni ya wasichana. Kwa Kurui ya siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Baba mtu akachinja mbuzi, akaita wapiga ngoma. Sasa ngoma gani? Tulikuwa na ya harusi, ya jando na ya mwali. Ya kumaliza shule hatukuwa nayo. Wapigaji wakaona mwenye shughuli ni msichana, wakapiga ya mwali. Uzaramoni nani asiyeijua? Walioisikia wakaja mbio na khanga na kuku kumtunza binti aliyevunja ungo, na shangazi mtu, aliyealikwa kutoka Kwala, akamkabili kaka yake mbele yetu sote. "Kaka, kumbe mwali wetu tayari, nawe hukuniambia?" Yule bwana alizitazama khanga zilizokwisha kurundikwa mkekani, akawatazama watu wanaokula. Aliona haya kuwaambia kwamba zawadi zao hazikuwa na mahali. "Tayari, dada," akasema.

Basi mambo yakashika njia yake. Mwali kwetu huwekwa ndani, hatoki mpaka wakubwa waseme, na huenda mwaka ukaisha. Binti akalia, akaapa kwamba bado. Akina mama wakacheka. Mwali gani asiyekana? Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Shule ikakaribia kufunguliwa. Nilipopita nilimkuta baba yake amekaa chini ya dirisha la chumba kile, jembe kando, shamba hakwenda. "Nimemfunga mwanangu kwa ulimi wangu," aliniambia, "na kumfungua ni kuyataja mambo ya kike mbele ya wanaume. Uso wangu nitauweka wapi?"

Ijumaa moja, baada ya swala, akasimama. "Jamaa zangu, mniwie radhi. Mwanangu bado hajakua. Nilisema uongo kwa kuwaonea haya wageni." Tuliinamisha vichwa kama watu waliovuliwa nguo. Maskini, aliendelea kusimama pale akingoja mtu aseme lolote. Tulitoka mmojammoja, na tulipofika barabarani ndipo kicheko kikaanza. Jumatatu binti akaondoka na sanduku lake la mbao kwenda shule. Leo ni mkunga, na watoto wengi wa wilaya hii wamepita mikononi mwake. Baba yake, lakini, hakuketi tena barazani nasi. Akipita, watoto waliigiza ngoma ile kwa makopo, na sisi wakubwa hatukuwakemea.

Nimeandika mara nyingi katika safu hii juu ya kusema kweli, na wasomaji wangu mmeniunga mkono. Ni rahisi kuipenda kweli ya gazetini. Mtu akirudi kuufuta uongo wake mbele yetu, tumpishe mahali pa kuketi, maana amepita pagumu kuliko sisi ambao hatujaulizwa uongo wetu. Yule bwana alipotudanganya tulikula mbuzi wake, tukamshukuru, tukamwombea dua. Alipotuambia kweli, tulimcheka mpaka akaingia kaburini.